Siku Kavoi Alipomkana Fundi Wake

Kavoi alipofutwa kazi kiwandani mwaka wa 1993, alikuwa na mke, chumba kimoja cha udongo pale Gatwekera, Kibera, na mikono isiyojua kazi nyingine ila kupanga biskuti kwenye katoni. Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa Osewe, Mjaluo wa makamo aliyeandika mabango ya maduka na kuta za bucha. Asubuhi ya tatu alipomwona Kavoi ameketi tu mlangoni, alimwambia, "Omera, ndugu yangu, kama ni kukaa, kuja ukae na mimi kazini."

"Lakini sijui kuandika mabango, mzee."

"Nani alizaliwa akijua?"

Kwa miezi minne Kavoi hakugusa ukuta wa mtu. Osewe alimpa kipande cha bati na rangi zilizobaki, akamfundisha kupiga mistari kwa uzi uliopakwa chaki, kuvuta brashi kwa pumzi moja, na kuvuka barabara aitazame kazi kwa mbali kabla ya kusema imekwisha. Akikosea, Osewe alifuta kwa kitambaa chenye mafuta taa na kusema, "Rudia." Siku Kavoi aliporuka herufi kwenye ukuta wa hoteli na mwenye hoteli akaja juu, Osewe ndiye aliyeomba msamaha. "Kosa ni langu," alisema, na Kavoi amesimama hapo hapo, brashi mkononi.

Mwaka wa 1996 Kavoi alihamia Gatina, Kawangware, ambako maduka yalikuwa yakifunguliwa kila kukicha. Jina likavuma. Miaka miwili baadaye kanisa moja la huko lilimpa kazi ya kuandika aya nyuma ya madhabahu. Jumapili ya kuizindua, mchungaji alimwita mbele.

"Ndugu Kavoi, mkono huu ulifundishwa na nani?"

Kanisa lilijaa, macho yote kwake. Kifua kikamvimba.

"Hakuna, Mchungaji. Nilijifundisha mwenyewe. Ni kipaji tu cha Mungu."

Alipogeuka kurudi kitini ndipo akamwona Osewe kwenye benchi la nyuma, kofia magotini, akipiga makofi pamoja na wengine. Alikuwa amesikia habari za kazi ile, akatembea kwa miguu toka Kibera kuja kuiona.

Nje, Osewe alimpa mkono. "Hongera. Mistari imenyooka kabisa." Akamsalimu Nduku, mke wa Kavoi, kisha akaaga. Kavoi akamwacha aende.

"Jumamosi nitaenda nimwombe radhi," alimwambia Nduku walipofika nyumbani.

"Enda kesho."

Jumamosi ikawa na kazi. Iliyofuata mvua ikanyesha. Kadiri wiki zilivyopita ndivyo aibu ilivyokomaa, hata akaanza kukataa kazi za upande wa Kibera.

Alipokwenda hatimaye, miezi saba baadaye, chumba cha Osewe kilikuwa na mpangaji mwingine. Akeyo, mama aliyeuza visamaki vya omena hapo nje, alimwambia kuwa Osewe alirudishwa kwao Nyakach akiugua kifua, na alikuwa amezikwa mwezi uliopita.

"Aliwahi kunitaja?" Kavoi aliuliza.

"Kumbe ni wewe yule wa Kawangware? Kila saa! Alituambia uko na mkono kumshinda."

Kavoi alitamani kama angeambiwa kwamba Osewe alikuwa akimlaani.

Jumapili aliomba nafasi kanisani, akasema yote, jina la Osewe akalitaja mara tatu. Watu wakaitikia amina, kwaya ikaanza kuimba. Aliporudi kuketi, Nduku alimshika mkono. Hakumwambia kwamba yamekwisha, na Kavoi hakumwuliza.