Maelezo ya Pao-chu kwa Mashine ya Lebo

Kwa miaka mingi Kuo Pao-chu ndiye aliyeiendesha kompyuta ya lebo katika kiwanda cha skrubu pale Gangshan. Amri zake zilikaa ndani ya faili moja la zamani, na maana ya amri hizo ilikaa kichwani mwake. Hakuwahi kuandika maelezo hata mstari mmoja. Haukuwa uchoyo, ulikuwa uvivu wa mtu anayejua. Juu ya kompyuta aliweka pakiti ya kijani ya vitafunio, hirizi ya mafundi wa huko ya kuituliza mashine, nayo ikatulia.

Kisha binti yake Pei-shan akakaribia kujifungua huko Hualien. Mama mkwe wa binti alishafariki. Sasa nani angempikia mzazi kuku wa mafuta ya ufuta na tangawizi mwezi mzima wa uzazi, kama si mama yake?

"Nenda," alisema Bosi Hou, "lakini kwanza A-Tse aendeshe hilo faili lako peke yake. Akishindwa, huendi. Lebo zisipotoka, mzigo hautoki."

Pao-chu akaketi kuandika. Juu ya kila amri aliweka mstari unaoanza na REM, alama ya kuiambia kompyuta iuruke, hayo ni ya binadamu. Alieleza kwa nini hapa inasubiri, kwa nini folda ile isifutwe. Kazi ilimnogea hata akasahau chai yake.

Siku ya jaribio, A-Tse wa ghalani, mzee mwenye upara na mdomo usiopumzika, akaliendesha faili. Lebo haikutoka hata moja.

"Dada, inasema haiijui amri hii. Na amri yenyewe makorokoro matupu, hata mizimu haiwezi kuyasoma."

Pao-chu alijua papo hapo, aibu ikampanda. Alikuwa ameandikia kwenye laptopu mpya, na kompyuta ile kuukuu husoma herufi za Kichina kwa mfumo wa zamani. Maelezo yalivurugika, vipande vyake vikatekelezwa kama amri. Kwa kosa hilo alishawacheka wenzake mara nyingi. Bosi Hou alikuwa amesimama mlangoni. Lakini mficha uchi hazai.

"Kosa ni langu, Bosi. A-Tse hana hatia."

"Basi niambie, nirekebishe mwenyewe," A-Tse akadakia. "Wewe kaa mbali, usiguse."

Akamweleza namna ya kulihifadhi faili upya kwa mfumo wa zamani. A-Tse akabofya, akaandika kidogo, akahifadhi, akaliendesha. Printa ikakohoa, lebo zikaanza kumwagika.

"Haya, nenda," Bosi Hou alinung'unika. "Utuletee mochi, zile keki za mchele za huko."

Kabla ya kuondoka Pao-chu alilifungua faili ahakikishe. Juu kabisa palikuwa na mstari asioujua:

REM Ukikwama mwezi huu, usimpigie Dada Pao-chu. Anampikia binti yake. Soma, ameshaeleza yote.

Alifuta macho, akafunga faili, akaenda stesheni kukata tiketi.