Kaya ya Mtu Mmoja

Walimwita Bi Chepe, na hakuchukia. Tangu mumewe afariki alikuwa akichimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko katika mradi wa serikali wa ajira kwa kaya maskini, na wenzake walisema akishika chepe, udongo hupanda juu wenyewe. Maneno nayo hayakumpungukia. Msimamizi akichelewa kuita majina, yeye humuuliza, "Bosi, leo tunachimba au tumekuja kukutazama ulivyonenepa?"

Kisha mwanawe akaachishwa kazi kiwandani, akarudi nyumbani na mke, watoto watatu na kikohozi cha vumbi la saruji. Midomo ikawa sita, nafasi ya kazi ikabaki moja, maana utaratibu ulikuwa kaya moja, mtu mmoja.

"Mama," mwanawe alimwambia, macho chini, "wanasema kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Sasa tukiwa na vyungu viwili..."

"Tutakuwa kaya mbili," Bi Chepe akamalizia. "Ndilo linalokuinamisha kichwa hivyo? Banda la mbuzi lipo, na mbuzi wenyewe hawapo."

Akahamia bandani na godoro, sufuria na mafiga. Nafasi yake mtaroni akamwachia mkwewe, mke wa mwanawe, ili yeye aandikishwe upya kama kaya ya pili. Siku hiyo alicheka sana, akawaambia wajukuu kuwa bibi yao kapanga nyumba ya kifahari.

Karani wa uhakiki alikuja na kishikwambi chake. Akayapiga picha mafiga, akalipiga picha godoro, akauliza mwaka wa kuzaliwa. Mwaka wenyewe ulikisiwa zamani na mwandikishaji aliyekuwa na haraka zake.

"Umri umepita, mama. Mzee anayeishi peke yake anaandikwa kaya isiyo na nguvu kazi. Mtaroni huwezi kurudi."

"Mbona juzi nilikuwa huko huko?"

"Juzi ulikuwa ndani ya kaya ya mwanao. Leo uko peke yako."

Bi Chepe aliinuka. Alichukua chepe, akaanza kuchimba pale pale uani. Alichimba mpaka shimo likamfika magotini, nguo imemganda mgongoni kwa jasho, na karani amesimama tu.

"Nimeona, mama," karani akasema kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma. "Lakini humu hamna mahali pa kuandika nilichokiona."

Orodha ya wazee wanaopewa ruzuku bila kufanya kazi ilikuwa imefungwa. Na kurudi ndani kwa mwanawe, je? Karani akatikisa kichwa: wakionekana wameungana tena, itahesabika walidanganya, na mkwe naye ataondolewa.

Basi akabaki bandani. Mwanzoni mkwewe alimpenyezea sahani jioni. Halafu familia moja ya jirani ikafutwa kwa jambo hilo hilo. Sahani zikaanza kuruka siku, mwisho zikakoma. Bi Chepe hakumlaumu. Alimwona akirudi kutoka mtaroni viganja vimechubuka, kwa kuwa hakujua kuushika mpini. Siku moja alikwenda kumwelekeza, msimamizi akamrudisha njiani. "Usinitafutie balaa, Bi Chepe." Safari hii aligeuka, akarudi bandani. Alipalilia mashamba ya watu alipoitwa. Asipoitwa, alichemsha maji akayanywa, akalala.

Karani aliporudi kukagua, alimuuliza mjukuu wa mwisho nani anakaa bandani.

"Jirani," mtoto akajibu bila kusita, kama alivyofundishwa.

Bi Chepe aliyasikia yote akiwa ndani. Akajiambia kuwa mtoto yule ana akili. Alijiambia hivyo mara nyingi siku ile.

Mwaka haukuisha, mradi ukafungwa. Fungu limekwisha, walisema, na mkwe akarudi na chepe begani kama wengine wote. Mwanawe akaja bandani, akasimama mlangoni akikohoa.

"Mama, rudi ndani. Hakuna tena wa kutukagua."

Akakunja godoro lake, akamfuata. Kwenye kona yake palikuwa na kitanda cha watoto. Watoto wenyewe walikuwa wakibishana, wakanyamaza ghafla walipomwona, wakakaa vizuri. Mkwewe akavuta kigoda, akakifuta vumbi kwa mkono.

"Karibu, mama. Karibu ukae."

Bi Chepe akashukuru. Akaketi ukingoni mwa kigoda, godoro miguuni, akasubiri aambiwe pa kuliweka.