Chupa za Mama Zaituni

Nilitumwa Rumonge kwa sababu ya uchafu. Kikundi chetu cha usafi hapa Kigoma kilikuwa kimechoka kuwalaumu Warundi kwa chupa zinazoelea hadi kwetu, na wao, tulisikia, wamechoka kutulaumu sisi. Wakatualika kwenye mkutano wa wadau. Mwenyekiti wetu hapendi mikutano asiyoiongoza, basi nikachaguliwa mimi.

Asubuhi nilivuka mpaka wa Manyovu, nikaingia Burundi. Kuanzia Mabanda, dereva wa teksi alizima injini kila penye mteremko kwa sababu petroli ni adimu, tukaingia Nyanza-Lac kimyakimya kama wezi. Mwalimu mmoja niliyekaa naye, aliyekulia uhamishoni Kasulu, aliniuliza nafuata nini Rumonge. Nikamwambia mkutano wa taka. Alicheka hadi Kigwena.

Rumonge nilipokelewa na Bwana Ferdinand, katibu wa wadau. "Amahoro! Kesho tunasafisha plage, kisha reunio," alisema, yaani ufuko kwanza, mkutano baadaye, akanipa fulana ya kijani iliyonibana tumboni.

Kulipokucha tulishuka ufukoni na magunia. Tulikuta chupa tupu nyingi ajabu, zimesimamishwa kichwa chini kwa mistari, vifuniko vimewekwa pembeni. Mwenye akili angejiuliza ni takataka gani hizi zinazojipanga foleni. Sisi tulipiga picha, tukazoa, lori likaondoka nazo kuelekea shimo la taka njia ya Kizuka.

Ukumbini, mgeni rasmi alikuwa amefika kwenye neno "uendelevu" mlango uliposukumwa. Aliingia mama mmoja, kanga imelowa hadi magotini. Ni Mama Zaituni, muuza mawese.

"Nani amebeba machupa yangu?"

"Mama, tuko mu reunio," Bwana Ferdinand alimnong'oneza.

"Na mimi niko na mafuta mu sufuria! Ni sisi wamama tunaokota machupa mu ziwa, tunaosha na mchanga, tunaanika. Kesho ni soko. Watu nitawapimia mu mikono? Nikikosa soko, mulanguzi atabeba mafuta yote kwa bei yake!"

Niliona aibu, na fulana ikazidi kunibana.

Mchana ule wadau wote tulikuwa shimoni. Mgeni rasmi alishika gunia, Bwana Ferdinand akachambua, mimi nikapokea, inzi wakatushangilia. Jioni tulizirudisha chupa ufukoni na kuziosha upya, Mama Zaituni akinusa moja moja na kuturudishia zisizomridhisha. Bwana Ferdinand, akitaka kuokoa heshima, akamwomba aingie kwenye kamati.

"Komite mubaki nayo," alisema. "Mimi munipe vifuniko."

Vifuniko! Tulirudi shimoni.

Siku ya kuondoka nilipitia sokoni. Mawese yalikuwa yamesimama mezani, mekundu, kila chupa na kifuniko chake, ingawa rangi hazikulingana. Nilimsalimia Mama Zaituni. Aliniambia nisiegemee meza.

Nyumbani, kabla sijavua viatu, mwenyekiti alitaka ripoti.

"Enhe, mmepata wadau wangapi?"

"Mmoja," nikamjibu. "Na hatukuwa tumemwalika."