Simu ya Innocent na kona ya ukurasa wa nne

Akili yangu inakataa. Leo tumetoka kumzika Innocent, na njiani nimefungua WhatsApp nimwandikie yeye mwenyewe kwamba Innocent amekufa. Ndiye mtu niliyekuwa nampa habari kwanza, siku zote.

Kwa wasiomjua: alikuwa mhariri wa gazeti la Asubuhi hapa Goma, na mimi nilikuwa mpiga picha wake. Watani walisema Asubuhi ni gazeti linalotoka saa sita mchana, maana mashine ilisubiri umeme. Yeye aliwajibu kuwa asubuhi ya Goma inaanza umeme ukirudi.

Gazeti lilizaliwa ukutani. Volkano ilipomwaga moto hadi katikati ya mji na watu wakapotezana, Innocent aliandika kwa mkono majina ya wanaotafutwa, akawa anabandika karatasi kila siku kwenye ukuta uliobaki umesimama. Watu wakaja kusoma. Kisha wakataka na bei ya maharagwe, na habari za barabara ya Masisi, na mpira. Ukuta ukawa mdogo.

Jina la kwanza aliloandika lilikuwa la mdogo wake, Amani. Walipotezana wakiwa watoto, siku familia yao ilipokimbia milima ya Masisi.

Hata tulipofika kurasa nane, kona ya chini ya ukurasa wa nne ilibaki ya wanaotafutwa, bure. Tangazo la Amani lilitoka kila siku, na chini yake namba ya Innocent. Hakuibadilisha hata mara moja.

Mfanyabiashara mmoja aliitaka ile kona kwa matangazo yake. Innocent alimpa kiti, akampa chai, akamwambia: "Ile kona haiuzishwe, papa. Iko na benyewe. Beko mu njia." Yaani ina wenyewe, nao wako njiani.

Ofisini tulikuwa na sheria ambayo hata deadline haikuivunja. Simu ya Innocent ikilia, wote kimya. Zima redio, meza kicheko chako, mwache asikie vizuri. Wageni walituona vichaa.

Siku moja bibi kutoka Rutshuru aliingia na gunia la viazi na mjukuu aliyempata kupitia kona yetu. Tulipiga vigelegele. Innocent alimkumbatia, akatoka nyuma ya jengo, akakaa huko mpaka viazi vikaiva.

Kisha vita vikaingia mjini. Karatasi hazikufika tena, waandishi wakavuka mpaka mmoja mmoja, maduka yaliyotupa matangazo yakafungwa. Asubuhi ikawa kurasa nne, ikawa mbili, ikawa karatasi moja. Ile ya mwisho ilikuwa na kona tu. Alienda kuibandika ukutani kama mwanzo, na mvua ikaibandua.

Nilimwomba sana, kama mtu anavyomwomba kaka yake mkubwa. "Grand frère, docteur anasema tension iko juu. Uende Kampala, upumzike hata mwezi moja."

"Nikivuka, hii namba haitashika. Amani atapigia nani?"

Mtandao ukawa wa shida, naye akawa anashuka kila siku Kituku, soko la samaki kando ya ziwa, ambako simu ilikuwa inashika kidogo. Alisimama kati ya mama wauza sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, mkono wenye simu juu.

"Papa Journal, leo umekamata ngapi?"

"Ata sambaza moja, mama."

Walicheka naye. Nadhani walijua, maana walimwachia nafasi yake pale kwenye mawe, hata siku za samaki wengi.

Tension, hiyo presha ya damu, haikumsubiri; ilimuua. Niseme ukweli, nimekasirika. Nimekasirikia vita, nimemkasirikia yeye, nimeikasirikia hata ile namba.

Jana kwenye kilio, pale kwao Katoyi, simu ilikuwa mapajani mwa mkewe, Mama Neema. Ilipolia, sisi wa gazeti tulinyamaza bila kuambiwa. Waimbaji wakatushangaa, kisha nao wakanyamaza. Mama Neema akasikiliza.

"Ni mutu wa pole," akasema, na wimbo ukaendelea.

Ikalia tena, tukanyamaza tena. Pole. Siku nzima ilikuwa hivyo, na kila mara niliinua kichwa kama mjinga.

Leo makaburini Mama Neema amenishika mkono, akanipa ile simu. "Shika. Miye siwezi tena."

Innocent, sitakudanganya, wewe hukupenda uongo hata wa kupamba ukurasa. Sidhani kama Amani atapiga. Gazeti halipo, ukuta hauna karatasi, na yule mtoto ni mtu mzima sasa, kama yupo. Lile tumaini lako umeondoka nalo. Mimi nimetafuta langu tangu asubuhi, sina.

Kesho nitashuka Kituku.

Lala sasa, grand frère. Simu iko kwangu, na ina chaji.