Kifuniko cha Tano

Nakumbuka, mwanangu, ingawa jambo lenyewe silikumbuki kwa kupenda. Umelifufua wewe. Jana nilipokutembelea katika darasa lako la chekechea nilikaa kwenye kile kiti kidogo, magoti yakinifika kidevuni, nikazitazama kona zako za hesabu. Kona ya duka na pakiti zake za unga, kona ya kupima na makopo yake, kona ya mbegu, kona ya maumbo. Ni nzuri, na zinazishinda zangu za zamani kwa rangi, maana sisi hatukuwa na plastiki za kununua. Lakini nilikuona ukimwondolea yule mtoto wa sweta ya kijani punje ya sita. Ukamwambia, "Ni tano, hesabu tena," ukaenda zako kwa mwingine. Yeye alibaki akiitazama ile punje mkononi mwako. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula, na ndiyo maana leo nimekuita.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kichwa kikubwa kuliko mwili. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya wiki mbili tu, nikapewa nasari ya kanisa moja huko ndani, ukitoka Kathonzweni unatembea mpaka viatu vibadilike rangi. Chumba kilikuwa kimoja, mabati juu na udongo chini. Nikakigawa kona nne, nikajiona nimeleta mwanga. Tuliokota vifuniko vya soda nje ya maduka, nikavitoboa kwa msumari ili watoto wavitunge kwenye waya. Vilikuwa sitini. Kila jioni nilivihesabu kabla ya kufunga sanduku.

Kona ya nne niliipa jina, Nyumbani. Palikuwa na mkeka, na kila mtoto aliweka kifuniko kimoja kwa kila mtu anayelala kwao. Kimoja cha baba, kimoja cha mama, na kadhalika, kisha anahesabu. Mchezo mtamu, au niseme niliuona mtamu.

Aliyetupikia uji alikuwa mama mzee aitwaye Kalondu. Sote tulimwita Susu, na wewe unajua kwetu Susu ni nyanya. Aliposikia habari ya kona ile alikuja mlangoni na mwiko mkononi.

"Mwalimu, hiyo kona uitoe. Sisi watu hatuhesabiangi. Hata mbuzi hatuhesabiangi. Ukihesabu unamwonyesha mwenye kuchukua."

Nilicheka. Nikamwambia hayo ni mambo ya kale, hesabu ni hesabu. Alirudi kwenye sufuria yake. Mdharau mwiba mguu huota tende, ila mguu wangu siku hizo ulikuwa bado mzima, na mguu mzima hauna adabu.

Sasa, kulikuwa na msichana wa miaka mitano, Mumbua, mtoto mpole ambaye ungeweza kumsahau darasani ukafunga mlango. Kwao nilikujua. Baba yake alikuwa kibarua wa mjengo mjini, mama yake tulikaa naye benchi moja kanisani, na kulikuwa na kichanga cha mgongoni. Pamoja na Mumbua, wanne. Mumbua akaweka vifuniko vitano. Nikaondoa kimoja, nikamwambia ahesabu tena. Kesho yake akaweka vitano, nikaondoa. Siku ya tatu, nilipoondoa, alinitazama usoni akasema bila kulia, "Mwalimu, umemtoa."

Unakijua Kiswahili chetu cha Ukambani. Ngeli tunazichanganya kama isyo, mahindi na maharagwe sufuria moja. Mtoto anasema "kiti yangu" na "vitabu zetu", na hakuna anayeshtuka. Nikadhani ni kosa hilo hilo. Nikamwambia, "Kifuniko si mtu. Sema, umekitoa." Akasema, "Umekitoa." Nikalifanya darasa zima lirudie, nikajipongeza kimoyomoyo kwa kusahihisha namba na ngeli kwa mpigo mmoja.

Jioni hiyo vifuniko vilikuwa hamsini na vinne.

Asubuhi nilivikuta vile sita vilivyokosekana. Vilikuwa juu ya mkeka wa kona ya Nyumbani, vimetungwa kwenye uzi wa makonge. Kifuniko kimoja, kisha fundo. Viwili, kisha fundo. Vitatu. Mafundo yalikuwa madogo na yamekazwa sawasawa, na Mumbua hakuweza hata kufunga kamba za viatu. Nikawaza ni mama yake, kwa kuwa alikuwa msusi wa viondo, vile vikapu vya makonge. Nikanyamaza. Siku iliyofuata vikakosekana kumi, vikarudi vimetungwa: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Halafu kumi na tano, na safu ya tano mwishoni. Mimi nilikuwa sijamfundisha mtoto yeyote kupita kumi, wala mpangilio ule sikuwa nimeufundisha hata mara moja.

Nilimvuta Mumbua kando nikamwuliza nani anayemtungia.

"Yule ulimtoa," akasema.

"Anakaa wapi?"

"Kwetu. Mimi nagonga, yeye anagonga."

Ilikuwa saa sita mchana na mabati yalikuwa yakilia kwa joto, lakini mikono yangu ilikuwa baridi kama niliyeitia mtungini. Nilimpelekea Susu Kalondu ule uzi. Aliutazama, akaacha kukoroga, na uji ukaanza kushika chini bila yeye kujali. Akaniambia kwamba nyumba ya akina Mumbua ilikuwa na msichana kabla ya huyu, jina lake Kasyoka. Alishikwa na homa kali, tangu hapo hakuonekana tena. Watu walisikia amepelekwa kwa nyanya yake upande wa Matiliku. Baadaye wakasikia alifia huko.

"Nani alienda kumzika?" nikamwuliza.

"Sikuuliza. Watoto wa watu hawahesabiwi."

Mwanangu, mimi niliyecheka mila ndiye niliyekuwa wa kwanza kuogopa mzimu. Niliufumua ule uzi, nikavirudisha vifuniko sandukuni, nikatia kufuli. Nikamwambia Mumbua asithubutu tena kubeba kitu cha darasa. Nilimwambia kwa ukali, kwa sababu mtu mwenye woga akiwa na mamlaka huwa mkali. Wiki mbili zikapita hivyo. Kila siku Mumbua aliweka vifuniko vinne bila kusukumwa, lakini kati ya kifuniko cha mama na chake aliacha nafasi ya kutosha kingine. Mimi nikampigia makofi. Nikasema, "Mnaona? Mumbua sasa amejua kuhesabu." Na watoto wakapiga makofi pia. Makofi yale nikiyakumbuka hadi leo naona aibu.

Alhamisi moja hakwenda kona yoyote. Nilimkuta ameweka sikio kwenye ukuta wa darasa, ametulia kabisa. Nikamwuliza anasikiliza nini.

"Hagongi," akasema. "Alikuwa anagonga mpaka kumi. Halafu tano. Jana mbili. Leo nimegonga kwetu, amenyamaza."

Nilitaka kumfukuza ukutani aende kwa wenzake. Sikujua kwamba Susu alikuwa nyuma yangu na kikombe cha uji. Alikiweka chini taratibu. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na afadhali ingepanda.

"Mwalimu, wewe umesoma. Hebu niambie. Aimu, hao mizimu unaowaogopa, wanachokaga? Mzimu anapunguza? Anayeanza na kumi akafika mbili ni mtu, na amebakisha kidogo. Mimi miaka sita sikuuliza, nimejificha nyuma ya mila. Wewe umejificha nyuma ya kufuli. Shika huyu mtoto mkono, twende."

Tulimwachia mke wa pasta watoto, tukaenda watatu, mbio nusu na kutembea nusu. Boma lilikuwa kimya. Mama mtu alikuwa ameenda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto, kichanga mgongoni, na kuku walikuwa wamelala kivulini midomo wazi. Hakuna aliyetuitikia. Nyuma ya nyumba palikuwa na ghala kuukuu la fito na matope, mlango wake umefungwa kwa waya kwa nje. Jambo la kwanza lililonitisha ni kwamba ardhi mbele ya ghala lile ilikuwa imefagiwa vizuri kuliko uani kwenyewe. La pili lilikuwa chini ya mlango. Palikuwa na mfereji mdogo, laini, uliochimbwa kwa vidole, upana wa kifuniko cha soda.

Mumbua akagonga. Kimya. Akagonga tena. Susu alianza kuomba kwa Kikamba, na mimi, nisikufiche, nilitaka kuondoka. Miguu ilikuwa imeshageuka. Kitu kilichonirudisha ni mkono wangu mwenyewe uliokuwa bado unaukumbuka ule uzi. Nikagonga mara moja, nikapumzika. Nikagonga mbili, nikapumzika. Nikagonga tatu, nikaacha hapo.

Tukangoja. Nzi alipita. Nilikuwa nimeshaanza kusema moyoni kwamba hakuna kitu humu, twendeni, ndipo sauti ikaja kutoka ndani, chini kabisa karibu na miguu yetu. Moja. Kisha kimya. Mbili. Kisha tatu. Ya nne ilichelewa mpaka Susu akanishika mkono kwa kucha. Ikaja.

Tuliufungua ule waya kwa meno na vidole. Ndani palikuwa na mkeka safi, bakuli la uji ambao haujaguswa, na msichana wa miaka kama kumi na miwili amelala ubavu karibu na mlango, mkono umenyooka kuelekea ule mfereji. Macho yake yalikuwa wazi. Kasyoka hakuwa amekufa Matiliku wala kwingine. Ile homa ilimwachia miguu isiyosimama na ulimi usiosema, na ndugu wa baba wakasema nyumba imelaaniwa. Mama yake akamficha, akasema yuko kwa nyanya yake. Kifo waliongeza watu wenyewe, kwa kuwa hakuna aliyehesabu.

Mama mtu alitukuta tukimnywesha maji kwa kiganja. Jerikani ilimponyoka, maji yote yakaenda, na mwaka ule maji hayakuwa mchezo. Alikaa chini palepale kwenye tope.

"Chakula nampatia, Mungu anaona," akasema. "Lakini tangu zile vifuniko zikose kuja amekataa uji. Anaangaliaga tu chini ya mlango."

Hapo ndipo nilipojua kwamba ghala lile lilifungwa mara mbili, na mara ya pili lilifungwa na mimi.

Tulimpeleka kwenye kituo cha afya kwa mkokoteni wa punda, kichwa chake mapajani mwa Susu, na njia nzima Mumbua alikuwa akigonga ubao wa mkokoteni kwa kidole, akingoja. Karibu na kituo akajibiwa. Kasyoka alipona. Baba yake alikuja mwisho wa mwezi, akakaa nje kwenye jiwe mpaka jua likatua, kisha akaingia kumsalimia binti yake kwa jina. Muhula uliofuata Kasyoka aliletwa nasari kwa mkokoteni uleule, mkubwa katikati ya watoto wa miaka mitano, akakaa kona ya mbegu. Kila nilichomfundisha Mumbua asubuhi Kasyoka alikuwa amekipata jioni kupitia ukuta wa ghala, na mengine alikuwa ameyaendeleza mwenyewe. Mwanafunzi wangu bora hakuwa kwenye rejista.

Mpaka sasa anasuka viondo, na wanunuzi wanatoka mbali kwa ajili ya mistari yake. Nikienda kwake sipigi hodi. Nagonga moja, mbili, tatu, halafu nangoja. Miaka yote hii, kabla ile ya nne haijaja, mikono yangu huwa inaingia baridi.

Basi sikia. Sikukatazi kona zako, wala sikuambii utupe hesabu. Mila ya Susu iliwekwa kuwalinda watoto, lakini tuliifanya pazia na mtoto akakaa nyuma yake miaka sita. Kama huhesabu watu kwa sauti, wahesabu moyoni, ujue ni nani hayupo. Na elimu yangu ya kitabuni nayo haikuwa mbaya, ila niliitumia kufunga mdomo uliokuwa ukisema kweli. Mumbua alisema "umemtoa", na alikuwa amepatia namba, amepatia ngeli. Mtoto mdogo anaweza kukosea jibu la swali lako, lakini vitu vikiwa mkononi mwake anahesabu anachokijua. Kwa hiyo kabla hujaondoa punje, uliza ni ya nani. Kuuliza si ujinga. Akikuambia jambo linalokutisha, usitie kufuli, nenda ukagonge mlango.

Kesho wahi darasani. Mwite yule wa sweta ya kijani, mrudishie punje yake ya sita, na ukae naye chini mpaka akuambie. Huenda ni paka wao tu. Nakuombea iwe paka.

Sogea karibu nikutemee mate kifuani kama nyanya zetu walivyobariki. Mungu akupe sikio kabla ya sauti, akupe mkono usiokimbilia kuondoa. Watoto uliopewa akulindie wote, wanaoonekana na wasioonekana, na hesabu yako, mwanangu, isipungukiwe na mtu.