Dume Aliyelelewa Bandani

Kwetu Nkoaranga ng'ombe hatoki. Miteremko imejaa kahawa na migomba hadi ukingoni mwa vijia. Kwa hiyo majani hukatwa na kubebwa kichwani, vigogo vya migomba hukatwakatwa, na mnyama huletewa vyote horini. Dume wa mama alizaliwa katika banda letu, akakua humo mpaka mgongo wake ukakaribia paa. Hakuwa amewahi kukanyaga umande, na mama alilitaja jambo hilo kwa fahari, kama wengine wanavyotaja elimu ya watoto wao.

Mchuuzi aliyekusanya ng'ombe wa kuvusha mpaka wa Namanga alipomwona, alicheka.

"Shikamoo, mama. Huyu umemlea kama mwali!"

"Marahaba. Kama unamtaka kwa kisu, rudi ulikotoka."

"Nani amchinje bwana harusi, mama yangu? Kuna mfugaji ng'ambo anatafuta dume wa mbegu. Atazeekea huko, amezungukwa na ndama wake."

Kwa sharti hilo mama alikubali. Wanaume walimsukuma dume hadi kwenye lori la fuso, naye akisita kila hatua. Tulidhani ni huzuni ya kuondoka.

Nilipanda mbele pamoja na mchuuzi na dereva, kwani naishi na kufundisha Sakina, kando ya barabara iyo hiyo ya kwenda Namanga na Nairobi. Nyuma walikuwamo ng'ombe wa nyikani, waliokonda, waliozoea kushinda wakitembea kutafuta maji. Kila kona nilisikia kishindo. Dereva alisema wanazoeana.

Tulipofika Sakina, mlango wa nyuma ulishushwa ili nimuage dume. Wale waliokonda walikuwa wamesimama wima, wametulia. Dume alikuwa chini ya kwato zao, ngozi imechubuka, mguu wa mbele umepinda pasipo na kiungo.

"Mnyanyueni!" nilipaza sauti.

"Kwa miguu ipi, mwalimu?" alijibu mchuuzi, naye ameduwaa. "Garini ng'ombe husimama kwa miguu iliyotembea. Huyu alitembea lini?"

Nyumbani hakuna aliyewahi kulifikiria hilo, hata mimi niliyekuwa nikikata majani yale tangu utoto.

Simu yangu iliita. Alikuwa mama, akiuliza kama bwana harusi ameshavuka. Nilimweleza. Aliuliza kama hapo nilipo pana majani mabichi ya kumpa.

Dume alichinjwa papo hapo, kando ya barabara. Fuso likaendelea na safari ya Namanga, likiwa na wale wengine.