Maziwa ya Kuzuia Jicho

Nilipokuwa mtoto huko Buruburu, safu yetu nzima ya nyumba iliamini kwamba jirani yetu Mama Nekesa ana jicho. Akikutazama ukila, chakula kinakugeuka tumboni na usiku kucha unajikunja kwa maumivu. Mtoto mmoja aliwahi kuharisha baada ya kula mandazi kwake, na maneno yakaanzia hapo.

Kisha ikafika bathdei ya binti yake Nekesa, rafiki yangu. Mama yake alioka keki, akapika pilau, akapanga viti uani. Hakuja mtu. Kupitia dirishani nilimwona Nekesa na gauni lake la manjano, akihamisha sahani kutoka kiti hiki hadi kile. Kabla ya kwenda kazini, mama yangu alikuwa amenikataza kuhudhuria, basi nikakaa hapo nikilia.

Bibi yangu, tuliyemwita Kukhu, alikuwa amekuja kutoka Kimilili na kibuyu chake cha maziwa lala, machachu hadi masikio yanasisimka. Nilimweleza kinachoniliza. Kukhu hakusema jicho ni uongo. Aliliamini kuliko sisi sote. Alitikisa kibuyu.

"Jicho linashika tumbo tupu," akasema. "Tumbo likitandikwa maziwa, jicho linateleza. Ita wenzako."

"Lakini Kukhu, mama zao wamekataa."

"Waambie nimesema mimi. Mwenye neno aje kwangu."

Tulipanga foleni na vikombe vyetu, tukafumba macho, tukameza. Brayo wa nyumba ya mwisho akauliza, "Kukhu, hii inashika saa hii ama tungoje?"

"Ukishapangusa mdomo, imeshika."

Kukhu mwenyewe alikunywa wa mwisho, akajifunga leso, akatuongoza hadi kwa Mama Nekesa. Aliketi mbele yake, akamtazama usoni, akamaliza sahani ya pilau na kuomba nyingine. Mama Nekesa alipakua huku machozi yakimtiririka. Hakuna aliyeumwa na tumbo ila Brayo, na hata mama yake alikubali kwamba ni keki aliyoifakamia.

Siku hizi binti yangu, mzima wa afya, hununua vidonge vya bakteria wazuri. Anasema vinaimarisha utando wa ndani wa utumbo. Nimejisomea: wapo wagonjwa ambao huenda vikawafaa, lakini kwa mtu asiye na tatizo wataalamu bado wanabishana, maana utando wake unafanya kazi yake tayari. Simkatazi. Mimi mwenyewe sijui kama maziwa yale yaliligusa tumbo langu hata kidogo.

Ninachojua ni kwamba Kukhu angetuambia tunaamini upuuzi, tusingemsikia. Badala yake alitupa kinga, na kinga ikatupa ujasiri wa kuvuka ua. Nampenda kwa hilo hadi leo.

Tulipomzika, Mama Nekesa alisafiri hadi Kimilili akashika jiko lote la matanga. Alisimama penye sufuria akitupakulia, akimtazama kila mmoja wetu usoni, nasi tukala mbele yake bila mtu kuulizia maziwa.